Mkono Uliotulia: Kupiga Picha Dar es Salaam Usiku Bila Stendi

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, shikamooni. Wapigapicha wenzangu wa magazeti, wa harusi na wa mitaani, pamoja na ninyi vijana mliokuja na simu zenu mkononi, nawashukuru kwa kuacha shughuli za jioni na kuja kunisikiliza. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuituliza kamera penye mwanga hafifu bila kutumia stendi ya miguu mitatu. Nimelipokea ombi hilo kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa naamini kwamba jambo hili, kuliko bei ya kamera, ndilo linaloamua kama picha zetu za usiku zitahifadhiwa au zitafutwa.

Nianze na mazingira yetu. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, na huku kwetu jua hushuka karibu wima. Mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi jioni na saa moja kasoro dakika kumi, na tangu lizame hadi mwanga wa kuonana vizuri uishe ni takriban dakika 20 tu. Hatuna machweo marefu kama yale ya Ulaya ya Kaskazini, ambako mpigapicha anaweza kutembea saa nzima akitafuta mahali pa kusimama. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha ya jiji hili, kuanzia foleni ya kivuko pale Magogoni, wachoma mishikaki, wauza kahawa na wacheza bao hadi harusi zenyewe, tunaikuta ikiwa tayari chini ya taa. Na mahali hapohapo ndipo stendi inapokataa kufaa. Huwezi kutandaza miguu mitatu kwenye Mtaa wa Kongo, Kariakoo, wakati watu wanapishana bega kwa bega na mikokoteni inaomba njia. Kwenye ukumbi wa harusi wahudumu wanapita na masinia. Kwenye majengo mengi ya katikati ya mji, mlinzi anayekuacha upige picha na kamera yako shingoni atakuja kukuuliza kibali mara tu atakapoiona stendi. Stendi ni chombo kizuri, nami siidharau, lakini kazi yetu nyingi iko mahali ambapo haiwezi kusimama.

Hoja ninayotaka kuitetea jioni hii ni kwamba utulivu wa kamera hujengwa kwa mpangilio, na mpangilio huo unaanza na mwili, unafuata kitu cha kuegemea, kisha unakuja wakati wa kubonyeza, na mwisho kabisa ndipo zinapokuja namba za kamera. Wengi wetu tunaufuata kinyumenyume: giza likiingia tunakimbilia kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuupokea mwanga, kisha tunalalamikia kamera, na mikono yetu hatuichunguzi hata kidogo.

Sasa tuutazame mkono wenyewe. Mkono wa binadamu hautulii kabisa hata kama mtu ni mzima wa afya. Kuna mtetemo wa kawaida wa misuli unaokwenda takriban mara 8 hadi 12 kwa sekunde, na pamoja nao kuna kuyumba polepole kwa mwili mzima unaposimama, na kupanda na kushuka kwa kifua unapopumua. Shata, lile pazia linaloruhusu mwanga uingie, ikifunguka kwa 1/500 ya sekunde, inanasa kipande kidogo sana cha mtetemo huo. Ikifunguka kwa 1/10 ya sekunde, mtetemo mzima, kwenda na kurudi, unaingia ndani ya picha. Hebu tuupime. Kamera ya fremu kamili yenye megapikseli 24 ina sensa, yaani kibao kinachopokea mwanga, yenye upana wa milimita 36, na katika upana huo kuna pikseli 6,000, hivyo kila pikseli ina upana wa maikromita 6. Ukiweka lenzi ya milimita 50, kuizungusha kamera kwa pembe isiyofikia hata sehemu moja ya mia ya digrii kunatosha kuihamisha taswira pikseli nzima. Kwa mtu aliyesimama mita 10 mbele yako, pembe hiyo ni sawa na shabaha yako kuhama milimita 1.2. Ukitoa lenzi hiyo na kuweka ya milimita 200, shabaha ikihama milimita 0.3 tu tayari pikseli imevukwa. Ndiyo maana mtu anayevuta zumu hadi mwisho akiwa nyuma ya ukumbi anaambulia picha zilizocheza, wakati mwenzake aliyesogea karibu na lenzi fupi anaondoka na picha safi kwa kasi ileile ya shata. Katika giza, miguu yako ikusogeze kabla ya zumu kukusogeza.

Hesabu hiyo inaendana na kanuni ambayo wazee hapa wanaijua kwa moyo: muda wa shata, kwa sekunde, usizidi moja kugawanya kwa urefu wa fokasi, yaani ile namba ya milimita ya lenzi. Lenzi ya milimita 50 ipewe 1/50 ya sekunde au kasi zaidi, ya milimita 200 ipewe 1/200. Wenye kamera za sensa ndogo zaidi, zile za APS-C, wazidishe kwanza kwa 1.5 au 1.6, kwa maana milimita 50 kwao inafanya kazi kama 75 au 80. Naomba kanuni hiyo tuichukue kama mahali pa kuanzia. Inamhusu mtu aliyesimama wima bila kuegemea chochote na bila mfumo wa kutuliza picha ndani ya kamera. Ukiutunza mwili wako unaweza kuishusha kwa hatua moja au mbili, kila hatua ikiwa ni kuuzidisha muda wa shata kwa mbili, na ukipata egemeo zuri unaweza kushuka zaidi.

Mwili unatunzwa namna gani? Mkono wa kushoto ndio unaobeba. Wa kulia unaendesha tu. Kiganja cha kushoto kitazame juu, kikae chini ya lenzi mahali ambapo uzito wa kamera na lenzi unalingana, na kiwiko chake kirudi ndani kishikane na mbavu. Kiwiko cha kulia nacho kirudi ndani. Miguu iachane kwa upana wa mabega, mmoja ukitangulia kidogo, na magoti yasikakamae. Kamera yenyewe igandamizwe kwenye paji la uso, kwa uthabiti lakini bila kukaza shingo. Hapo inakuwa imeshikwa kwa mikono miwili na kichwa, na kichwa ni kizito, hivyo hakisukumwi kirahisi na mtetemo wa vidole. Hii ndiyo sababu usiku napendelea kidirisha cha kuchungulia kuliko kioo cha nyuma: anayetazama kioo hunyoosha mikono mbele, na kamera iliyo mwisho wa mikono iliyonyooshwa inayumba kwa kila pumzi. Kama kamera yako haina kidirisha, vaa mkanda shingoni, sukuma kamera mbele mpaka mkanda ukaze, na uishike hapo. Mkanda uliokazwa unafanya kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Pumzi na kidole vinakwenda pamoja. Vuta pumzi ya kawaida, itoe taratibu, na kabla ya kuvuta nyingine utahisi kituo kifupi ambapo kifua kimelala, bonyeza hapo. Usiibane pumzi ukisubiri bwana harusi ageuke, kwa sababu ukikaa muda mrefu bila hewa misuli inaanza kudai na mtetemo unaongezeka. Ni afadhali kupumua tena na kusubiri kituo kinachofuata. Kidole nacho kisidonoe kitufe. Kilaze juu yake, bonyeza nusu ili fokasi ishike, kisha endelea kukandamiza polepole mpaka shata ijifungue yenyewe, na ukiache kidole chini mpaka ijifunge. Mara nyingi picha inaharibika katika kukandamiza huko, wakati mtu ameshasimama vizuri, ameshapumua vizuri, kisha anakigonga kitufe na kamera nzima inainama upande wa kulia.

Kwa sababu mshtuko wa kidole unaingia zaidi kwenye fremu ya kwanza, weka kamera ipige mfululizo, fremu 3 hadi 5, kisha uache. Zile za katikati, kidole kikiwa kimetulia chini, ndizo mara nyingi zinazotoka safi. Na hesabu iko upande wetu: iwapo fremu moja ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa kutoka safi, na kila fremu inajitegemea, basi fremu 4 zinakupa uwezekano wa 15 kati ya 16 wa kupata angalau moja iliyo safi. Wanaotumia kamera za zamani zenye kioo kinachoruka ndani wakumbuke pia kwamba kioo hicho kikigonga juu kinatikisa kamera, na tikisiko hilo huonekana zaidi kwenye kasi za kati ya 1/30 na nusu sekunde. Kikiinuliwa mapema kupitia menyu ya kamera, tatizo hilo linakwisha.

Naomba pia niseme jambo linalohusu maisha ya mpigapicha mwenyewe. Kafeini huongeza mtetemo wa mikono. Vivyo hivyo kuchoka, njaa, na kubeba mizigo mizito muda mfupi kabla ya kazi. Mtu anayepanda ngazi za ghorofa nne na mabegi mawili begani, akafika juu na kuanza kupiga papo hapo, anapiga kwa mikono ambayo bado inapepesuka. Shusha mabegi, pumzika dakika chache, kunywa maji, ndipo uanze. Kahawa ya kwenye kikombe kidogo ni tamu, lakini isubiri kazi iishe.

Sasa nifike kwenye egemeo. Jiji hili limejaa maegemeo: nguzo za umeme, kuta, miembe, mashina ya minazi, mihimili ya masoko, migongo ya viti. Ukiegemeza bega na upande wa nyonga kwenye ukuta, kuyumba kwa mwili kunapungua papo hapo, na umebaki na mtetemo wa mikono peke yake. Ukipiga goti, kiwiko kisikae juu ya kifupa cha goti, kwa kuwa mfupa juu ya mfupa huteleza. Kisogeze mbele au nyuma kidogo, nyama ya mkono ikutane na nyama ya paja. Na ukikaa chini kabisa, viwiko vyote viwili juu ya mapaja, umepata utulivu ambao mtu aliyesimama hawezi kuupata. Mnapopiga picha za nikahi, ambapo watu wote wameketi kwenye mikeka, ketini nao. Utakuwa imara zaidi, utaziona nyuso zikiwa sawa na macho yako, na hutakuwa umemkalia mzee yeyote kichwani.

Tuchukue mnada wa samaki pale Feri alfajiri, kwa sababu ni mahali ambapo mambo haya yote yanakutana. Saa kumi na moja bado ni giza, taa ziko juu na chache, sakafu imelowa, na wanunuzi wamemzunguka dalali wakiwa wamebanana. Stendi hapo haiingii, na flashi inawakera watu walio kazini, tena inarudi machoni pako kutoka kwenye magamba ya samaki na maji ya sakafuni. Tafuta nguzo. Simama nayo upande wako wa kushoto, weka mgongo wa kiganja cha kushoto kwenye nguzo huku kiganja chenyewe kimeishika lenzi, ili nyama ya mkono iwe kati ya kamera na zege, kwa maana kamera ikigusa zege moja kwa moja inateleza na kukwaruza. Egemeza bega. Ukiwa na lenzi ya milimita 35 iliyofunguliwa hadi f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), na ISO 1600, taa za namna hiyo zitakuruhusu kutumia 1/60 bila shida, na ukiamua kushuka hadi 1/30 ili mkono wa dalali uonekane ukipita hewani huku uso wake umetulia, nguzo itakubeba. Kisha subiri. Mnada una kelele nyingi, lakini kila baada ya bei kutajwa kuna muda mfupi ambapo wanunuzi wanamtazama samaki na kupiga hesabu kimoyomoyo, na katika muda huo hakuna anayesogea. Ukiusikiliza mnada kwa dakika kumi utaujua mwendo wake, na utaanza kubonyeza pale wanapotulia. Ustadi huu wa kuwasoma watu siuoni ukifundishwa vya kutosha, nami nauthamini kuliko lenzi yoyote.

Hata hivyo si kila kitu kigumu kinafaa kuegemewa. Ukiwa ndani ya kivuko kuelekea Kigamboni, usiegemee reli wala ukuta wa chuma, kwa sababu mtetemo wa injini unapita kwenye chuma na kuingia moja kwa moja kwenye kamera. Simama katikati ya sitaha, legeza magoti, na uuache mwili wako uumeze mtetemo huo kabla haujafika mikononi. Hali ni hiyohiyo kwenye Daraja la Tanzanite, ambako wengi tunakwenda kupiga picha za taa za jiji tangu lilipofunguliwa mwaka 2022: kamera ukiilaza juu ya reli, subiri magari makubwa yapite kwanza. Na upepo wa kusi ukivuma katikati ya mwaka, kule Coco Beach mtu mrefu anayumba kama mnazi. Geuza mgongo kwenye upepo, chuchumaa, au kaa nyuma ya gari lililozimwa injini.

Kuna vifaa viwili ambavyo mtu anaweza kujitengenezea kwa gharama ndogo sana. Cha kwanza ni mfuko wa mchele. Shona mfuko wa kitambaa kigumu kiasi cha kiganja na nusu, tia mchele mkavu mpaka theluthi mbili tu, na ufunge vizuri. Usiujaze, kwa sababu mfuko uliojaa unakuwa mgumu na kamera inabingirika juu yake, lakini ulioachiwa nafasi unabonyea na kuikumbatia lenzi. Uweke juu ya ukuta wa ufukweni, juu ya dirisha la gari, juu ya mgongo wa benchi la kanisa, na uitegeshe kamera kwa kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiiguse wakati shata inafunguka. Hapo hata sekunde nzima inawezekana.

Cha pili ni kamba, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu kuna hatari ndani yake. Chini ya kamera yako kuna tundu la skrubu la kufungia stendi, na tundu hilo kwa kamera karibu zote ni la robo inchi, lenye nyuzi 20 kwa inchi. Unahitaji bolti fupi ya kipimo hicho yenye kichwa cha pete, ufunge kamba kwenye pete, uifunge bolti kwenye kamera, uangushe kamba hadi chini, uikanyage, kisha uivute kamera juu mpaka kamba ikaze kabisa. Mkazo huo unazuia kamera kupanda na kushuka. Ila mkienda kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mtauziwa kwa urahisi bolti ya M6, ambayo kwa macho inafanana na ya robo inchi: unene wake ni milimita 6 na ya robo inchi ni milimita 6.35. Msiitumie. Nyuzi zake zimepishana na zile za kamera, moja iko kila milimita 1 na nyingine kila milimita 1.27, na ukiilazimisha itakwangua tundu lote, na hiyo ni kazi ya fundi. Hata iliyo sahihi isizame zaidi ya milimita 5. Ikiwa ndefu, weka washa na nati juu yake. Kamba iwe ngumu isiyovutika, maana ya mpira au nailoni laini inarudisha mtetemo. Na afadhali kuliko kamba moja ni kitanzi kirefu kinachoshuka na kupita chini ya nyayo zote mbili zilizoachana, kwa sababu pembetatu hiyo inazuia pia kuyumba kushoto na kulia. Chombo chote kinaingia mfukoni, na mlinzi hana cha kuuliza.

Baada ya mwili, egemeo na wakati, ndipo tuzigeukie namba. Kila hatua moja ya mwanga ni kuzidisha au kugawanya kwa mbili. Tuseme mtaa una mwanga unaohitaji f/2, ISO 100 na 1/8 ya sekunde. Ukipandisha ISO hadi 800 umepanda hatua 3, na kasi yako inakuwa 1/60. Ukiwa na lenzi inayofunguka hadi f/4 tu, umepoteza hatua 2, na utalazimika kufika ISO 3200 ili ubaki na kasi ileile. Mtaniuliza kuhusu chengachenga, vile vidoa vidogo vinavyoletwa na ISO kubwa. Nawajibu bila kusita: picha yenye chengachenga ina macho, ina kope, ina machozi ya mama wa bibi harusi, picha iliyocheza haina. Chengachenga zinaweza kupunguzwa baadaye kwenye kompyuta, na mteja anayeitazama kwenye simu yake hata hazioni, lakini hakuna programu inayorudisha kikamilifu uso ulioburuzwa na shata ndefu.

Kwenye kumbi kuna jambo jingine linalowapa faida wenye mikono iliyotulia. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu za ukumbini hupepesa mara 100 kwa sekunde bila macho kutambua. Ukipiga kwa 1/250 unaweza kupata fremu moja angavu na nyingine yenye giza, au michirizi myeusi ikipita juu ya gauni jeupe. Ukipiga kwa 1/100 au 1/50, shata inanasa mpepeso mzima na mwanga unatoka sawasawa. Anayeweza kuituliza kamera kwa 1/50 anaepuka shida hiyo. Asiyeweza, anakimbilia kasi kubwa na anakutana nayo.

Je, mifumo ya kutuliza picha iliyomo ndani ya lenzi na kamera haijaumaliza mjadala huu? Imetusaidia sana. Mwaka 1995 Canon walitoa lenzi ya milimita 75 hadi 300 yenye mfumo huo, ya kwanza ya aina yake kwa kamera za kubadili lenzi, na mwaka 2012 Olympus wakaleta kamera inayoituliza sensa katika mielekeo 5. Leo watengenezaji wanatangaza hatua 5 na zaidi. Lakini fikirini maana yake: hatua 5 kutoka 1/50 zinakufikisha kwenye zaidi ya nusu sekunde, na ndani ya nusu sekunde hakuna mtoto anayetulia, hakuna MC anayetulia, wala mzee aliyeketi kimya haachi kupumua. Mfumo unatuliza mkono wako, hautulizi dunia. Kwa mtu aliyesimama anakutazama, msishuke chini ya 1/60. Kwa anayezungumza na kupunga mikono, 1/125. Kwa wanaocheza, 1/250, hata kama kamera inadai inaweza zaidi. Kasi ndefu tuziweke kwa majengo, taa, maji na barabara.

Wenye simu, yote niliyosema kuhusu viwiko, pumzi na ukuta yanawahusu, tena zaidi, kwa kuwa simu ni nyepesi na chombo chepesi hutikisika kirahisi. Shikeni kwa mikono miwili, tumieni kitufe cha sauti badala ya kugonga kioo, na mkiwasha hali ya usiku msiishushe simu mpaka iseme imemaliza, kwani wakati huo inaunganisha fremu nyingi kuwa moja. Na futeni lenzi kwanza. Alama za vidole zinageuza kila taa kuwa mwale.

Namalizia na namna ya kuichunguza kazi, kwa sababu asiyejua ni kitu gani kimeiharibu picha atarekebisha kisichohusika. Ikuze picha kwenye kioo mpaka uone pikseli, kisha tazama taa ndogo zilizo nyuma. Kama kila taa imeburuzwa upande mmoja, mkono wako umetikisika, na mwelekeo wa mburuzo unakueleza: ukishuka chini, ni kidole, ukienda kushoto na kulia, ni mwili kuyumba. Kama taa ni vitone safi lakini mtu ameburuzwa, wewe ulitulia na yeye alisogea, hivyo ongeza kasi. Kama mtu hana makali ila kitambaa cha kiti kilicho nyuma yake kina makali, hiyo ni fokasi. Na kama picha nzima ina ukungu mweupe usio na mwelekeo, tazama lenzi: umetoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi ukaingia kwenye joto la nje, na kioo kimeshika mvuke. Usikifute kwa shati. Kabla ya kutoka, ifunge kamera ndani ya begi na uiache humo mpaka ipate joto la nje taratibu.

Nimeleta bolti chache za robo inchi na za M6 hapa mezani, ili kila mmoja azishike na kuzitofautisha kwa vidole vyake, na kamba ziko za kutosha kwa wanaotaka kujaribu kwenye veranda, ambako taa ni moja tu. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.